DAFTARI MBILI ZA MACHINJIONI

Huenda wako wanachama watakaouliza kwa nini jarida la makarani na watumishi wa serikali lijisumbue kwa habari za wachinja ng'ombe, tena wa Marekani, ilhali yetu wenyewe ya mishahara, nyumba na likizo hayajesha kujadiliwa. Twawajibu mapema. Habari tunayotaka kuieleza ni ya kisu, lakini ndani yake imo kalamu, na aliyeishika kalamu hiyo alikuwa karani kama sisi.

Katika mji mdogo uitwao Dakota City, jimbo la Nebraska, palikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kampuni ya IBP. Mwaka 1987 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini, ijulikanayo kwa herufi OSHA, iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 2.59 kwa kutoandika majeraha na magonjwa zaidi ya 1,000 ya wafanya kazi wake. Ilionekana kwamba kiwanda kilikuwa na daftari mbili. Katika moja liliandikwa kila jeraha. Ya pili ndiyo aliyoonyeshwa mkaguzi. Kwa miezi mitatu ya mwaka 1985, daftari ya ndani ilikuwa na majeraha na magonjwa 1,800. Ile ya mkaguzi ilikuwa na 160. Miezi ile ile, kiwanda kile kile, mikono ile ile.

Hakuna karani asiyejua kwamba tarakimu hazijiandiki. Palikuwa na mtu mwenye kiti na meza aliyepokea karatasi ya jeraha, akaisoma, kisha akaamua, au akaamriwa, iingie daftari gani. Yamkini hakuwahi kushika kisu maishani mwake, wala kuingia katika chumba cha baridi. Walakini ni yeye aliyeyafanya majeraha na magonjwa zaidi ya 1,600 yawe kana kwamba hayakutokea.

Na kwa nini kampuni ihangaike kuweka daftari mbili, jambo lenye gharama na hatari? Sababu ilikuwa katika utaratibu wa serikali yenyewe. Tangu mwaka 1981 wakaguzi wa OSHA walikuwa wameagizwa wakifika kiwandani waanze kwa kusoma daftari ya majeraha. Ikiwa hesabu ya siku zilizopotea kwa ajali ilikuwa chini ya wastani wa viwanda vya nchi nzima, basi mkaguzi aliaga akaenda zake, asitie mguu ndani. Twaona jinsi shauri hilo lilivyoonekana jema juu ya karatasi: wakaguzi ni wachache, na waende penye hatari zaidi. Lakini aliyelitunga alisahau kwamba daftari huandikwa na yule yule anayekaguliwa. Akampa mwenye kiwanda ufunguo wa mlango, kisha akamwomba asiufunge.

Faini ile, pamoja na nyingine iliyotozwa mwaka 1988, ilipunguzwa sana baada ya mapatano, ikawa dola 975,000, na kampuni ikaahidi kubadili namna ya kazi ili mikono ya watu isiharibike. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni nyingine, Tyson.

Yafaa tueleze kazi yenyewe, maana wengi wetu nyama twaijua ikiwa buchani tu. Katika viwanda hivi ng'ombe au nguruwe hapasuliwi na mtu mmoja tangu mwanzo hata mwisho, kama afanyavyo mchinjaji wa kijijini. Mzoga hutundikwa juu ya mnyororo unaokwenda bila kukoma, na kila mfanya kazi husimama mahali pake akikata mkato mmoja tu: huyu bega, huyu mbavu, yule mafuta. Mkato ule ule hurudiwa maelfu ya mara kwa zamu moja. Sakafu huteleza kwa damu na mafuta. Vyumba vingine huwa baridi mno, vingine vimejaa mvuke. Watu husimama bega kwa bega, kila mmoja na kisu kikali, na kisu kikipoteza ukali, mkono hulazimika kutumia nguvu maradufu. Mitambo ya barafu huendeshwa kwa amonia, nayo ikivuja huchoma macho na mapafu.

Jeraha la kisu huonekana, na damu yake hushuhudia. Lakini lililo baya zaidi halitoi damu. Mkono uliorudia tendo lile lile mwaka hata mwaka huvimba ndani. Mishipa ya kiganja hubanwa, vidole hufa ganzi, na mtu wa miaka 35 hushindwa kufunga kifungo cha shati lake au kumbeba mtoto wake. Huyu akienda kwa nesi wa kiwandani hana kidonda cha kuonyesha. Hupewa dawa ya maumivu na barafu, akarudi kwenye mnyororo. Katika daftari, je, aandikwe wapi?

Swali hilo si dogo, nasi kama makarani tuliangalie kwa makini. Fomu ya OSHA ya zamani ilikuwa na safu yake maalum kwa madhara yatokanayo na kurudia-rudia tendo moja. Mwezi Novemba 2000 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuwalazimisha waajiri kuzuia madhara ya namna hiyo. Mwezi Machi 2001 Bunge lao likaifuta, na Rais George W. Bush akatia sahihi. Fomu mpya iliyoanza kutumika mwaka 2002 haikuwa tena na safu ile. Madhara yenyewe yalipaswa kuendelea kuandikwa, ila yalitiwa pamoja na mengine, na msomaji wa daftari hakuweza tena kuyatambua yote kwa kutupa jicho mara moja. Wako watakaosema kuwa safu ya fomu ni kitu kidogo. Mwenye kusema hivyo hajawahi kuketi ofisini. Sisi twajua kwamba jambo lisilo na safu halina jumla, na lisilo na jumla halifiki mezani kwa mkubwa.

Tena si mara ya kwanza kwa taifa hilo kuitazama nyama likamsahau mkata nyama. Mwaka 1904 mwandishi Upton Sinclair alikaa majuma saba katika mtaa wa machinjio ya Chicago, akachunguza maisha ya wahamiaji waliofanya kazi humo, kisha akatoa kitabu chake The Jungle, kilichochapwa kama kitabu mwaka 1906. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha wasomaji mateso ya wafanya kazi. Wasomaji walishtuka kweli, walakini kwa habari ya uchafu uliokuwa ukiingia katika vyakula vyao. Mwezi Juni wa mwaka ule ule Rais Theodore Roosevelt alitia sahihi sheria ya ukaguzi wa nyama. Sheria ya usalama wa mfanya kazi kwa nchi nzima ilingoja hata Desemba 1970. Miaka 64! Sinclair mwenyewe alisikitika baadaye kwamba alikusudia mioyo ya watu akapata matumbo yao.

Matokeo ya jambo hilo yangaliko. Katika machinjio ya Marekani yenye kuuza nyama kutoka jimbo hata jimbo, mkaguzi wa Wizara ya Kilimo sharti awepo siku zote za kuchinja, na kila mzoga hutazamwa. Mkaguzi wa usalama wa watu aweza asionekane kwa miaka. Katika mji wa Hamlet, North Carolina, palikuwa na kiwanda cha kukaanga nyama ya kuku ambacho kwa miaka 11 ya kazi yake hakikupata kukaguliwa hata mara moja kwa ajili ya usalama wa wafanya kazi. Tarehe 3 Septemba 1991 moto ulizuka karibu na karai la mafuta. Milango kadhaa ilikuwa imefungwa kwa nje. Watu 25 walikufa, wengi wao kwa moshi, wengine wakiwa wamekwisha kuufikia mlango. Mwenye kiwanda alifungwa.

Hata mwendo wa mnyororo hupimwa kwa jicho la nyama. Wizara ya Kilimo ndiyo huweka kikomo cha mwendo, kwa hoja kwamba mkaguzi apate kuuona mzoga vizuri. Kwa nguruwe kikomo kilikuwa 1,106 kwa saa. Mwaka 2019 Wizara ilitoa kanuni ya kukiondoa kikomo hicho katika viwanda vilivyoingia utaratibu mpya wa ukaguzi. Chama cha wafanya kazi kiliishtaki serikali, na mwezi Machi 2021 mahakama ya Minnesota iliibatilisha sehemu hiyo ya kanuni, kwa kuwa Wizara haikuzingatia kabisa usalama wa wafanya kazi. Twapenda wasomaji wetu waone kwamba hapo hakimu hakusema mwendo wa kasi ni mbaya au ni mzuri. Alisema tu kwamba ofisi ya serikali haiwezi kuletewa hoja juu ya mikono ya watu kisha ikajibu kuwa mikono si kazi yake.

Vyama vya wafanya kazi havikulala muda huo wote. Mgomo wa mwaka 1904 ulishindwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba wenye viwanda waliwatumia watu weusi, waliobaguliwa na vyama, kuvunja mgomo wa weupe. Funzo hilo halikupotea. Chama cha UPWA kilichoundwa mwaka 1943 kiliwaunganisha weusi na weupe makusudi, na kwa miaka mingi baadaye kazi ya machinjio ilikuwa na ujira uliopita wastani wa viwanda vingine. Kisha kampuni mpya, na IBP ilikuwa mbele yao, zilihamisha kazi kutoka miji mikubwa kwenda vijiji vya mashambani, mbali na ngome za vyama. Machinjio makubwa ya Chicago yalifungwa mwaka 1971. Ujira ukashuka kuanzia miaka ya 1980, na wenyeji wengi wakaiacha kazi ile.

Nani akaishika? Hapa habari inakuja karibu nasi kuliko tulivyodhani. Waliishika watu wa Mexico na Guatemala, na baadaye wakimbizi: Wasomali, Waburma, na Wakongo wenye kusema Kiswahili. Leo hii katika miji midogo ya Iowa, Nebraska na Colorado yuko mtu anayekata nyama kwa zamu ya usiku ambaye akiisoma karatasi hii ataielewa bila mkalimani. Ile ya kiwandani, iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye kusema jeraha liripotiwe kwa nani na kwa muda gani, aghalabu haielewi. Katika Fort Morgan, Colorado, mwezi Desemba 2015 Waislamu zaidi ya 100, wengi wao Wasomali, walifukuzwa katika kiwanda cha Cargill baada ya mzozo juu ya nafasi ya kuswali. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5. Haki ilipatikana, lakini kwa kuwa walikuwa wengi na walisimama pamoja. Mmoja peke yake, mwenye vidole vilivyokufa ganzi, husimama na nani?

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, mambo yote haya yalionekana waziwazi. Watu waliosimama bega kwa bega waliambukizana. Tarehe 28 Aprili 2020 Rais Donald Trump alitoa amri ili viwanda vya nyama viendelee na kazi. Kamati ya Bunge la Marekani ilitangaza mwezi Oktoba 2021 kwamba katika kampuni tano kubwa peke yake, kwa muda wa mwaka mmoja tu, wafanya kazi wasiopungua 59,000 waliambukizwa na 269 walifariki. Katika kiwanda cha Tyson huko Waterloo, Iowa, mameneja saba walifukuzwa kazi mwezi Desemba 2020 baada ya uchunguzi wa mashtaka kwamba walicheza kamari ya kukisia ni wafanya kazi wangapi watakaougua. Hatuongezi neno.

Na watoto? Mwezi Februari 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya kusafisha viwanda, Packers Sanitation Services, iliwaajiri watoto 102, wenye umri wa miaka 13 hata 17, kusafisha machinjio usiku katika viwanda 13 vya majimbo manane. Walitumia dawa kali na kusugua misumeno ya kukatia mifupa. Faini ilikuwa dola 15,138 kwa kila mtoto, ambayo ndiyo kubwa kabisa iliyoruhusiwa na sheria. Kila mtoto kati ya hao alikuwa na karatasi ya kuajiriwa iliyoandikwa na kupokelewa na mtu ofisini.

Wala asidhani mtu kwamba machinjio ni habari ya ng'ambo tu. Wazee wetu waliijua. Mwezi Septemba 1947 wafanya kazi wa kiwanda cha nguruwe cha Uplands, karibu na Limuru katika Kenya, waligoma. Polisi wakafyatua risasi, na watu watatu wakauawa. Ulikuwa mwaka wa migomo mingi, tangu ule mkubwa wa Mombasa wa Januari, na Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanya kazi Waafrika, alikuwa amekwisha kukamatwa mwezi Agosti, akapelekwa uhamishoni Baringo. Katika siku hizo karani Mwafrika alikuwa na shaka asimame wapi: kola nyeupe ilimvuta huku, na ndugu zake waliokuwa na aproni za damu walimwita kule. Wengine walijiona wamekwisha kuvuka mto. Shaka hiyo haijatutoka sote, tuseme kweli.

Leo sheria tunazo. Kenya ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, na ya fidia ya majeraha ya mwaka huo huo. Tanzania ina ya usalama ya mwaka 2003, na ya fidia ya mwaka 2008. Sheria ya Kenya yamtaka mwajiri atoe habari ya ajali iliyoua kwa saa 24, na kuiandika katika fomu kwa siku saba. Maneno hayo ni mazuri. Lakini aliyeyasoma maneno ya sheria ya Marekani ya 1970 angesema vile vile, na daftari mbili za Dakota City ziliandikwa chini ya sheria hiyo hiyo, miaka 15 baada yake.

Twajua jibu litakalotolewa na baadhi ya wenzetu: karani ni mkono wa mkubwa wake, huandika aliloambiwa, na mwenye watoto wa kusomesha hashindani na aliyemwajiri. Hatulidharau jibu hili. Ni rahisi kwetu kuhubiri ushujaa kwa mtu ambaye si sisi tutakaomlipia kodi ya nyumba. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kuwa wafanya kazi wa nyama waliogopa kusema habari ya majeraha yao wasije wakafukuzwa, na kwamba wengine walinyimwa hata ruhusa ya kwenda chooni. Ikiwa aliyeumia huogopa, aandikaye naye ataogopa. Basi na tusidai mashujaa. Tudai kanuni itakayomkinga mtu wa kawaida.

Kwa hiyo shauri letu kwa chama ni hili. Kwanza, pawepo neno wazi katika kanuni za kazi kwamba karani hataadhibiwa kwa kuliandika jeraha lililoletwa kwake, wala kwa kukataa kulifuta. Pili, aliyeumia apewe nakala ya yale yaliyoandikwa, katika lugha aisomayo, siku ile ile. Nakala iliyo mkononi mwa mwenye jeraha ndiyo inayoiharibu daftari ya pili. Tatu, fomu zetu ziwe na nafasi ya maumivu yasiyo na damu, na mtu anayeandika afundishwe kuyauliza. Na mkaguzi asiruhusiwe kamwe kuondoka kiwandani kwa sababu daftari ni safi. Daftari safi katika machinjio, mahali ambapo mamia ya watu hushika visu tangu alfajiri, ndiyo ingepasa kumfanya avue koti akaingia ndani.

Watakaosema nyama itapanda bei, tuwaombe walete hesabu. Glavu ya nyuzi za chuma, kisu kilichonolewa, dakika chache za kupumzisha mkono na mtu wa kuisimamisha mashine kabla haijasafishwa vina bei inayojulikana, nayo yaweza kuandikwa. Mkono uliokufa ganzi nao una bei, ila hulipwa nyumbani kwa mwenye mkono, mahali ambapo hakuna daftari.

Twawaomba wanachama walio katika ofisi za kazi za wilaya, na wale wanaoshughulika na leseni za machinjio katika miji yetu, wamletee katibu mambo matatu kabla ya kikao kijacho: ni fomu ngapi za ajali za machinjio walizopokea kwa mwaka uliopita, ni ngapi walizozirudisha kwa kukosa sahihi au muhuri, na kati ya hizo zilizorudishwa, ni ngapi zilizoletwa tena. Majina ya watu na ya viwanda yasiandikwe. Hesabu tu yatosha, na asiye na fomu hata moja aandike sifuri, kisha aeleze mji wake una machinjio mangapi.